Nataka kumtumikia Mungu, nianzie wapi? Wito wa mlei kwa lugha ya kawaida

Muulize Mkatoliki yeyote wa huku kwetu, "nimeguswa, nataka kumtumikia Mungu, nifanyeje?" Majibu unayajua hata kabla hajafungua mdomo. Jiunge na kwaya. Njoo karismatiki Alhamisi. Gombea uongozi wa jumuiya. Kama ni kijana wa kiume atapelekwa kwa paroko aunganishwe na mkurugenzi wa miito, kama ni binti ataambiwa kuna masista wanakuja likizo ya mwezi wa sita kufanya semina. Mazuri yote hayo na sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe naimba besi, ya kubahatisha lakini naimba. Ila ukiangalia vizuri majibu yote yanampeleka mtu sehemu moja tu, ndani ya uzio wa kanisa, na ile kazi anayoifanya Jumatatu mpaka Jumamosi hakuna hata mmoja aliyemuuliza inaendaje.

Na hapo ndo penye mkanganyiko wenyewe. Maana ukifungua mafundisho ya Kanisa, yale rasmi kabisa, unakuta mlei, yaani Mkristo asiye padri wala mtawa, anatumwa kwanza kwenye hiyo hiyo kazi, dukani, shambani, wodini, jikoni, na huduma za kanisani zinakuja kama nyongeza kwa wenye karama na nafasi. Sisi tumegeuza. Nyongeza imekuwa ndo wito, na wito wenyewe tunauita "mambo ya dunia" halafu tunauombea msamaha Jumapili.

Hesabu kidogo. Wakatoliki duniani ni kama bilioni 1.4, mapadre ni laki nne na kitu. Chukua mapadre, mashemasi, mabruda na masista wote wa dunia nzima, wajumlishe, hawafiki hata mtu mmoja kwa kila Wakatoliki elfu moja. Sasa kama kuitwa ni upadre na utawa tu, ina maana Mungu kaita huyo mmoja, wengine 999 waliobaki kawaleta wajaze mabenchi na watoe zaka. Haingii akilini, na Kanisa halijawahi kufundisha hivyo, japo kwa tabia zetu unaweza ukadhani limefundisha.

Tunachokoroga ni vitu vitatu vinavyoitwa kwa jina moja. Kuna wito wa ubatizo, ambao ni wa wote bila kubagua. Siku ile padri anapompaka mtoto krisma, yale mafuta matakatifu, utosini anamuunganisha na Kristo aliye kuhani, nabii na mfalme, maneno mazito sana yale, na kwa kawaida ndo muda ambao wasimamizi wanahangaika na simu za kupigia picha. Pale mtoto ameitwa awe mtakatifu, kiwango kile kile alichoitiwa Papa, hakuna utakatifu wa daraja la pili. Halafu kuna wito wa hali ya maisha, yaani ndoa, upadre, utawa, na wapo pia wanaobaki bila ndoa humu humu duniani, wengine kwa kuchagua na wengine maisha yamewafikisha hapo tu. Halafu kuna wito wa leo, huu hatuuzungumzii kabisa: mteja aliyesimama mbele yako, daftari za darasa la nne zinazosubiri kusahihishwa, mzee wa kitanda namba sita anayeomba maji kwa mara ya tano na wewe zamu yako imebaki dakika kumi.

Mtu akikuambia "sijajua wito wangu", mara nyingi anaongelea ule wa katikati peke yake. Anaweza akakwama hapo miaka kumi, anasali novena juu ya novena, na muda wote huo anajiona kama mtu aliye kituoni anasubiri basi. Wakati ule wa kwanza anao tangu utotoni na ule wa tatu unamgongea mlango kila asubuhi.

Hili wazo la ngazi, kwamba padri na sista wako juu na sisi wengine tunajitahidi tahidi huku chini, ni la zamani na lilishapingwa zamani. Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva aliyekufa 1622, alikuwa anaandikia watu wenye ndoa na biashara na watoto, na hoja yake inachekesha ukiifikiria: hivi baba wa familia akiamua asiweke akiba ya kesho kama Mkapuchini, yule mtawa wa ufukara, na fundi akashinda kanisani mchana kutwa kama mtawa, huo utakuwa uchaji au vurugu? Kwake yeye ibada inayoharibu wajibu wako halali ni ibada ya uongo. Kila mti uzae tunda la aina yake. Miaka mia nne imepita na bado tuna kina mama wanaoondoka alfajiri kwenda mkesha wa tatu wa wiki na nyumbani mtoto ana homa.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulitakiwa tuwe wa mwisho kabisa kusahau hili, maana Kanisa letu limejengwa na walei. Angalia Buganda, ule ufalme wa Uganda. Mapadre Weupe, wale wamisionari, walifika 1879, wakaondoka 1882, wakarudi 1885. Miaka mitatu hamna padri, hamna misa, hamna kitubio. Nani alikuwa anafundisha watu? Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa watumishi wa ikulu kwa Kabaka, yaani mfalme. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Kule Mityana kulikuwa na Matia Mulumba, na Noa Mawaggali ambaye kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu. Watu wa kazi zao, wana mabosi, wana malipo yanayochelewa kama yetu. Wamisionari waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Hao wanne wamo kati ya wale mashahidi wa Uganda 22 Wakatoliki tunaowasherehekea tarehe 3 Juni, hakuna padri hata mmoja pale, wote ni walei. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, katikati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, na mwezi mmoja na siku chache baadaye, tarehe 21 Novemba, Mtaguso huo huo ukapitisha hati ya Lumen Gentium ambayo sura yake nzima ya tano inasema wote wameitwa kwenye utakatifu, na sura ya nne inasema mlei anautafuta ufalme wa Mungu kwa kushughulika na mambo ya dunia na kuyapanga anavyotaka Mungu. Mwaka uliofuata, Desemba 1965, wakaongeza kwenye hati nyingine, Gaudium et Spes, kwamba kutenganisha imani unayoungama na maisha unayoishi kila siku ni moja ya makosa makubwa ya zama zetu. Moja ya makosa makubwa, sio kasoro ndogo ndogo.

Sasa kwa nini hatujalipokea? Maoni yangu, na unaweza kukataa: kwa muda mrefu seminari ilikuwa ndo mlango wa shule nzuri, na padri alikuwa mtu aliyesoma, mwenye gari, anayejua Kilatini, anayeheshimiwa mpaka na mkuu wa wilaya, kwa hiyo familia ikawa inapima baraka zake kwa idadi ya mapadre na masista iliyotoa. Ukitaka kuona hili limekaa kiasi gani, angalia tunavyowatendea vijana waliotoka seminari. Kijana kakaa miaka saba, kachunguza, walezi wake nao wamechunguza, wakaona kwa pamoja kwamba njia yake sio hii, yaani malezi yamefanya kazi yake sawa sawa, afu anarudi nyumbani anapokelewa kama mtu aliyefeli mtihani. Shangazi anashusha sauti akimtaja. Mwisho kijana anahamia mji mwingine, anaacha hata kusali, eti wito umempita. Ulimpita upi? Ule wa ubatizo haujaenda popote.

Twende kwenye Biblia kidogo, Luka sura ya tatu. Watu wanamfuata Yohane Mbatizaji jangwani wanamuuliza "tufanye nini?" Swali lile lile tulilonalo. Na kati yao kuna watoza ushuru, watu wa mapato wa wakati ule wanaochukiwa na kila mtu, na askari. Ungetegemea mtu anayevaa vazi la manyoya ya ngamia na kula nzige awaambie acheni kazi hizo chafu mje huku jangwani tufunge na kusali. Hakusema hivyo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasidhulumu, wasishitaki watu kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Basi. Kila mmoja alirudishwa kwenye kituo chake cha kazi na jibu lililohusu kile kituo. Ndo maana nasema ukitaka kujua Mungu anataka nini kwako, anza kuuliza ni wizi gani wa kawaida kwenye kazi yako, ule ambao wote mnaufanya na hakuna anayeuita wizi.

Katekisimu, kile kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, inasaidia sana hapa, namba 2409, kwenye amri ya saba, Usiibe. Watu wengi tunadhani amri hiyo ni ya vibaka. Isome. Wameorodhesha mishahara isiyo ya haki, kupandisha bei kwa sababu mwenzako hajui au ana shida, rushwa, kutumia mali ya kampuni kwa mambo yako, kukwepa kodi, kughushi hundi na ankara, kubaki na kitu ulichoazima makusudi, na katikati ya hayo yote wameweka kazi iliyofanywa vibaya. Ndiyo, kazi mbovu imekaa kwenye orodha moja na kughushi hundi. Fundi aliyechukua advansi ya kabati alilete kabla ya Krismasi akakuletea Pasaka, na mlango haufungi, ameivunja amri ya saba hata kama ni mweka hazina wa jumuiya na hajawahi kugusa mia ya mtu. Mwalimu anayefundisha juu juu darasani ili watoto waje tuisheni kwake jioni, vile vile. Na anayepunguza nondo kwenye nguzo, huyo anaanza na ya saba na siku jengo likidondoka anaingia kwenye ya tano, Usiue.

Nitoe mfano mmoja nikae nao, lumbesa. Wa nyanda za juu kusini mnaijua vizuri. Dalali anafika shambani na magunia yake, viazi vimeshachimbwa, vimelala juani, mkulima ana ada ya shule inamsubiri. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, hapo ndo lilitakiwa lishonwe, lakini juu wanashonea kipande cha gunia lingine au wavu, linajazwa tena, vijana wanalikandamiza kwa goti na kulishindilia, mpaka linakaa kama mtu aliyevaa kilemba. Bei ni ya gunia moja. Mkulima anaona, vijana wanaona, dereva anaona, serikali imeshapiga marufuku mara ngapi sijui, na lori linaondoka. Likifika mjini lile lumbesa halitauzwa kwa lumbesa, litauzwa kwa sado, lile kopo la kupimia, na sado lenyewe limebonyezwa kitako kwa ndani. Kanunua kwa kilemba kauza kwa kitako kilichobonyea. Huyu jamaa anaweza kuwa ni mcha Mungu kweli, simkebehi, anatoa zaka, ana rozari kwenye kioo cha gari, mwaka jana kachangia mabati ya kigango. Akija kuniuliza amtumikieje Mungu zaidi na mimi nikamwambia aingie kamati ya ujenzi, nimemdanganya. Jibu lake liko kwenye ile sindano ya kushonea gunia, na litamuuma, maana faida yake yote iko pale kwenye kilemba na washindani wake hawataacha. Ndo maana nasema wito wa mlei sio mwepesi kuliko wa padri. Padri akihubiri haki analipwa kwa kupigiwa makofi, dalali akiitenda haki anaweza kufunga biashara.

Au anaweza kufa. Mwaka 2025 Kanisa limemtangaza mwenyeheri, hatua moja kabla ya mtakatifu, kijana wa Goma, anaitwa Floribert Bwana Chui bin Kositi, jina la kwetu kabisa. Alizaliwa 1981, akasoma chuo, akaajiriwa na OCC, ile ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Jioni na siku za mapumziko alikuwa na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, wanasali pamoja na wanahudumia watoto wa mitaani. Mwaka 2007 ukaletwa mpakani mzigo wa mchele ulioharibika, wenye mzigo wakataka upite, wakampa hela, akakataa, wakamtishia, akakataa. Alikuwa ameshamweleza sista mmoja daktari kuhusu hizo hela, na hoja yake haikuwa ya kitaalamu sana: hela zinaisha, na wale ambao wangekula ule mchele ingekuwaje kwao? Mwezi wa saba mwaka huo wakamteka, wakamtesa, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alipoongea na vijana kwenye uwanja wa Kinshasa Februari 2023 aliwatajia jina lake, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri Roma kwenye Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, huku Goma yenyewe ikiwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari.

Watu wanauliza, sasa huyu ni shahidi wa imani kivipi? Hakuambiwa amkane Yesu, aliambiwa agonge muhuri. Swali zuri na Roma nao walilichunguza kwa miaka. Jibu lao ni kwamba kilichomfanya akatae ni imani yake, na waliomuua waliua kitu hicho ndani yake. Hakuna mstari kati ya Floribert wa sala na Floribert wa ofisini, wale watoto wa mitaani aliokuwa anakaa nao jioni ndo wangekula ule mchele wa bei rahisi. Sala yake ilikuwa imempa macho ya kuona gunia la mchele kama watu. Kuna mwingine, mwalimu mkuu wa Afrika Kusini, Benedict Daswa, kijijini kwao radi zilipiga piga mwanzoni mwa 1990, wakaamua kila mtu achange hela ya kumleta mganga awataje wachawi, yeye akasema radi ni radi na hela yangu haiingii hapo, wakamuua tarehe 2 Februari. Mwenyeheri tangu 2015. Wenye kuishi sehemu ambazo watu wanapigiwa ramli wanaelewa ule mchango mdogo ulikuwa na uzito gani.

Lakini wengi wetu hatutatekwa na mtu. Wengi wetu mtihani uko nyumbani, na nyumbani kuna mtu mmoja ambaye mahubiri yetu yanamruka. Jumamosi asubuhi jumuiya inasali kwenu. Mikeka imetandikwa, mshumaa upo, kitambaa cheupe kipo, chai ya maziwa na maandazi yanasubiri. Nani kaamka saa kumi kuyafanya hayo? Dada wa kazi. Tunasoma Injili, tunashirikishana neno, mama mwenye nyumba anaongea kwa machozi kabisa kuhusu upendo wa Mungu kwa wadogo, na dada yuko jikoni anasikilizia mlangoni ili ajue muda wa kuingiza sinia. Hakuna aliyemwambia "na wewe njoo ukae". Mshahara wake wa mwezi uliopita nusu iko kwa mama kwa sababu kuna kikombe kilivunjika. Mambo ya Walawi 19 inasema ujira wa mtu wa kazi usilale kwako mpaka asubuhi, na Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele na Mungu anazisikia. Sasa kelele hizo zinapigwa kutokea jikoni, mita nne kutoka kwenye mshumaa. Mimi naona mama huyu akimlipa dada hela yake yote tarehe yake na akampa Jumapili yake ya kusali, ameitikia wito kuliko angeongeza mafungo mawili.

Haya, na sala je? Maana kuna watu wakisikia "kazi ni sala" wanafurahi, wanaacha kusali. Hapana. Floribert asingesimama vile bila ile sala ya jioni na wenzake. Ila sala ya mlei ina umbo lake na kuna historia nzuri kidogo hapa. Mwaka 1844, kijiji cha Vals huko Ufaransa, kulikuwa na vijana Wajesuiti, watawa wa shirika aliloanzisha Inyasi wa Loyola, wanasoma, wamepagawa na stori za wamisionari, vitabu hawavitaki tena, wanataka kupanda meli waende kuokoa roho za watu mbali huko. Tarehe 3 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mlezi wao padri Gautrelet akawaambia kwa kifupi: kuweni wamisionari hapa hapa, masomo yenu haya mnayoyaona yanachosha, mtoleeni Mungu kila asubuhi kwa ajili ya hao watu wa mbali. Hapo ndo ulipoanzia Utume wa Sala, na ile sala ya kutolea siku ambayo bibi zetu waliisali kabla hata ya kuwasha moto. Haichukui dakika mbili. Unamtolea Mungu sala, kazi, furaha na mateso ya siku hiyo. Ukishamtolea kazi ya leo asubuhi, saa nne inakuwa ngumu kidogo kubonyeza kitako cha sado.

Na usiku kuna pacha wake, ule uchunguzi wa dhamiri aliosisitiza Inyasi wa Loyola, ambaye wanasema hata kama Mjesuiti hana muda wa sala nyingine huu asiuache. Unapitia siku yako na Mungu, wapi nilikuwa hai, wapi nilikwepa, nani nilimpita. Hii inafaa pia kwa yule anayesumbuka na wito wa hali ya maisha. Inyasi anashauri usibadilishe uamuzi mkubwa wakati roho imekauka na imejaa giza, na hili ningependa liandikwe ukutani, kwa sababu nimeona watu wanaacha kazi wiki waliyogombana na bosi wakisema Mungu amewaita kwenye huduma, na baada ya miezi michache ni mkewe na watoto wanaolipia huo wito. Uliza waliokuzunguka. Uliza padri asiyekuogopa. Angalia matunda kwa watu unaoishi nao, kabla ya kuangalia idadi ya wanaosema amina ukiongea.

Huduma za kanisani zenyewe sijazitupa, msije mkaniitia halmashauri ya walei. Kwaya, wasomaji, wanaopeleka Ekaristi kwa wagonjwa, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wanaozika maskini wasio na ndugu, vyote ni vya thamani na mlei anavifanya kwa haki ya ubatizo wake, hapewi kama hisani ya paroko. Ukatekista ni wito kamili kabisa, mpaka Papa Fransisko akauweka kuwa huduma rasmi ya Kanisa tarehe 10 Mei 2021. Shida inakuja pale cheo cha kanisani kinapokuwa mahali pa kujificha, mtu mkali kama pilipili ofisini kwake, wafanyakazi wake hawajalipwa, lakini pale parokiani ni mnyenyekevu anabeba viti.

Kuna upande mwingine lazima niuseme kwa sababu neno hili wito limeumiza watu. Mwanamke anapigwa na mumewe, anaenda kulia kwa wazee wa jumuiya, anaambiwa ndoa ni wito, beba msalaba wako. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni 1153, inampa mwenye ndoa sababu halali ya kutengana na mwenzake anapohatarisha vibaya roho au mwili wake au wa watoto, na kama kuchelewa ni hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hakuna wito wa kuvunjwa mbavu. Vile vile kazi, kama kazi yenyewe haiwezekani kufanyika bila dhambi, mfano umeajiriwa kutapeli watu kwa simu, hapo hakuna cha kuitakasa, hiyo unaitoka, unajipanga kwanza namna ya kula halafu unaitoka.

Na Kanisa kama mwajiri nalo limo kwenye habari hii. Wapo makatekista wanaotembea vigango vitatu kwa baiskeli, wanafundisha, wanazika, wanaongoza ibada Jumapili padri asipofika, na mwisho wa mwezi wanaambiwa Mungu atawalipa. Wapo walimu wa chekechea za parokia, walinzi, wapishi wa nyumba ya mapadre. Kanuni 231 kifungu cha pili inasema mlei aliyejitoa kulitumikia Kanisa ana haki ya malipo yanayomtosha yeye na familia yake, pamoja na bima na matibabu. Ni sheria ya 1983, haisemi Mungu atalipa. Kwa hiyo bajeti ya parokia ikisomwa mwaka huu, na wewe ni mjumbe wa halmashauri na unatafuta pa kuanzia kumtumikia Mungu, nyoosha mkono uulize posho ya katekista iko mstari wa ngapi, na ni shilingi ngapi.